Bima ya safari ya Ulaya: jinsi ya kuchagua itakayokufaa, si ya kupitishia viza tu

Maswali ni yale yale kila mwaka, hasa watu wanapoanza kupanga safari za katikati ya mwaka. Bima gani inakubalika ubalozini? Ya bei nafuu ni ipi? Mama ana presha, watamkatia? Wengi huuliza zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya miadi ya viza, na hapo hununua chochote kilicho karibu. Mwongozo huu ni wa msafiri anayetoka Tanzania au Kenya kwenda nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja: kutembea, kusalimia ndugu au kuhudhuria mkutano. Anayekwenda Uingereza au Marekani nimemwekea maelezo yake katika hatua ya kwanza.

Shika jambo moja kabla ya yote. Bima inayopita ubalozini na bima itakayokusaidia ukiugua Hamburg zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Afisa wa viza anaangalia kiasi, tarehe na eneo. Haangalii kama mkataba unatambua kisukari chako, wala kama kampuni italipa hospitali moja kwa moja au itakuacha ulipe kwanza. Hayo unayaangalia mwenyewe, na ndiyo yenye uzito kuliko mengine yote.

Uwe na haya kabla hujaanza

- Pasipoti. Jina kwenye bima lifuate pasipoti herufi kwa herufi, hata kama mtaani unaitwa vingine.
- Tarehe za kuondoka na kurudi, na nchi zote utakazopita, pamoja na ile ya kubadilishia ndege.
- Orodha ya nyaraka kutoka ubalozi unaoomba viza au kituo kinachoupokelea maombi. Chukua ya sasa. Usitegemee aliyotumiwa shemeji yako miaka miwili iliyopita.
- Majina ya dawa unazotumia kila siku na barua fupi ya daktari wako.
- Makubaliano na mwenyeji wako kuhusu nani analipia. Sheria ya Schengen inaruhusu mtu mwingine akukatie bima, kwa hiyo mwanao aliye Ujerumani anaweza kukulipia.
- Muda wa kutosha. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida mwisho ni siku 15 kabla. Jipe angalau wiki moja ya kutafuta bima kabla ya miadi.

Hatua ya 1: Jua kima cha chini kinachodaiwa

Kanuni ya viza ya Schengen inataka bima ya angalau euro 30,000. Bima hiyo lazima ilipie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na gharama zinazotokana na kifo. Lazima pia ifanye kazi katika nchi zote za Schengen kwa muda wote wa safari, hata kama wewe unakwenda nchi moja tu.

Schengen ni nchi 29. Bulgaria na Romania ziliingia kikamilifu Januari 2025. Uswisi na Norway zimo ingawa hazimo katika Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo. Kwa hiyo ukipanga kukaa Amsterdam wiki mbili kisha uvuke kwenda London kumwona dada yako, bima iliyoandikwa "Schengen" pekee inaishia mpakani. Omba ya "dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada", maana kampuni nyingi zina kifungu hicho na tofauti ya bei huwa si kubwa.

Anayekwenda Uingereza: viza ya matembezi haidai bima, na wengi huchukulia kwamba basi haihitajiki. Hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma, nchini England humtoza mgeni asiyekuwa na haki ya matibabu ya bure asilimia 150 ya bei yao ya kawaida pindi anapolazwa. Kata bima.

Anayekwenda Marekani: viza haidai bima vilevile, lakini bei za hospitali kule ni za namna nyingine kabisa, na euro 30,000 ni kidogo mno. Usiende na chini ya dola 100,000. Jihadhari na mipango inayolipa kiasi maalumu kwa kila huduma, mathalani dola kadhaa tu kwa siku ya kulazwa. Bei yake inavutia, lakini pengo linalobaki ni lako. Mpeleke mzazi na mpango unaolipa bili halisi hadi kikomo cha mkataba.

Hatua ya 2: Hesabu siku vizuri

Bima ianze siku unayotoka nyumbani, si siku unayofika. Ndege nyingi kutoka Dar es Salaam na Nairobi huondoka usiku na kutua kesho yake. Ikianza siku ya kutua, saa zote za Doha, Istanbul au Addis Ababa unakuwa huna kinga. Mwisho wake uwe siku unayorudi kwako.

Ukiweza, ongeza siku 15 mwishoni. Viza ya Schengen mara nyingi hutolewa ikiwa na siku 15 za akiba juu ya siku ulizoomba, na ndege huahirishwa. Gharama ya siku hizo ni ndogo ukilinganisha na usumbufu wa kuongeza muda ukiwa ugenini.

Unaomba viza ya kuingia mara nyingi? Unatakiwa kuonyesha bima ya safari ya kwanza tu, kisha unatia sahihi kwamba utakata nyingine kwa safari zinazofuata. Mfanyabiashara anayekwenda mara kwa mara atafute bima ya mwaka, ila asome idadi ya siku zinazoruhusiwa kwa kila safari. Ukikaa zaidi ya hizo, siku zinazozidi hazina bima japo mwaka haujaisha.

Hatua ya 3: Sema ukweli kuhusu afya

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Fomu inauliza: una ugonjwa wowote wa kudumu? Msafiri, au wakala anayemjazia, anaandika "hapana" ili bei isipande. Viza inatoka. Mama anafika Stockholm, presha inapanda, analazwa na kiharusi. Kampuni inaomba historia ya matibabu na kukuta amemeza dawa za presha miaka kumi. Madai yanakataliwa, na kisheria kampuni inakuwa na hoja, kwa sababu mkataba wa bima umejengwa juu ya kuambiana ukweli.

Mikataba mingi ya kawaida hailipii kabisa ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Mingine inaulipia endapo umekuwa chini ya udhibiti kwa muda uliotajwa, yaani hujabadilishiwa dawa wala kulazwa. Mingine inalipia dharura ya ghafla tu, hadi mgonjwa atulie, tena kwa kiasi kidogo kuliko kikomo kikuu. Uliza kampuni yako iko kundi gani, na uombe jibu kwa maandishi. Kauli ya kwenye simu, "usijali mama, inalipa tu", haina nguvu siku ya madai.

Mambo mengine ya kusema mapema:

- Umri. Kampuni nyingi zina ukomo au hupandisha bei kuanzia miaka 65 au 70, na baadhi hupunguza kiwango cha malipo bila kukifanya kionekane kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa mzee, soma jedwali la umri kabla ya kitu kingine chochote.
- Ujauzito. Kuna kikomo cha wiki, na baada yake matatizo ya mimba hayalipiwi. Ukomo wa shirika la ndege ni suala jingine. Angalia vyote viwili.
- Michezo na kazi. Kuteleza kwenye theluji, kupanda milima na kazi za mikono mara nyingi huwa nje ya mkataba hadi ulipie nyongeza.
- Pombe. Ajali ukiwa umelewa ni sababu ya kawaida ya kukataliwa.

Hatua ya 4: Soma vitu vinne kwenye mkataba

Usianze na bei. Fungua jedwali la mafao na utafute haya.

*Nani analipa hospitali.* Kampuni zetu nyingi hufanya kazi na kampuni ya kimataifa ya usaidizi, yenye simu ya saa 24. Ukilazwa, hao ndio wanaoongea na hospitali na kuipa dhamana ya malipo. Kama mkataba unasema utalipa mwenyewe kisha urudishiwe, jiulize kwa uaminifu: siku tatu za chumba cha wagonjwa mahututi, mwenyeji wako atazitoa wapi? Kwa matibabu madogo ya kliniki, kulipa na kurudishiwa ni jambo la kawaida na halina tatizo. Kwa kulazwa, tafuta malipo ya moja kwa moja.

*Kikomo cha matibabu.* Euro 30,000 ni mahali pa kuanzia. Upasuaji mmoja na siku chache za uangalizi maalumu vinaweza kuimaliza. Mipango ya euro 50,000 au 100,000 mara nyingi si ghali kwa kiasi ambacho watu wanadhania, hasa kwa safari ya wiki mbili au tatu. Pesa yako ya ziada iweke hapa.

*Sehemu unayobeba mwenyewe.* Mikataba mingi ina kiasi cha kwanza ambacho mgonjwa hulipa katika kila dai, kisha kampuni hubeba kinachobaki. Kikiwa euro 100, bili zote ndogo ni zako. Kuna balozi zinazotaka kiasi hiki kiwe sifuri. Orodha yao ya nyaraka itakuonyesha.

*Kurudishwa nyumbani, mgonjwa au mwili.* Watu hawapendi kusoma sehemu hii, ila naomba uisome. Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kiti anahitaji machela ndani ya ndege, siti kadhaa zilizounganishwa na muuguzi wa kumsindikiza, na vyote vina gharama kubwa. Ikitokea kifo, kuna jeneza maalumu, kuhifadhi mwili, vibali na mzigo wa ndege. Jumuiya zetu za ughaibuni zinajua michango ya kusafirisha mwili inavyopita kwenye makundi ya WhatsApp kwa wiki nzima huku familia ikisubiri. Mkataba mzuri unaondoa mzigo huo, lakini baadhi huweka kikomo kidogo sana kwenye kipengele hiki hata kama kikomo cha matibabu ni kikubwa. Uliza pia kama wanalipia maziko kule kule. Kwa familia za Kiislamu zinazotaka kuzika haraka, kifungu hicho kina maana kubwa kuliko tiketi ya kurudisha mwili.

Hatua ya 5: Mzigo na ucheleweshaji, pita haraka

Matangazo hupenda kukuonyesha sanduku lililopotea. Hicho kisiwe kigezo chako. Tayari una kinga fulani kisheria: chini ya Mkataba wa Montreal, shirika la ndege linawajibika kwa mzigo uliopotea au kuchelewa hadi SDR 1,519, takriban dola 2,000, kiwango kilichoanza mwishoni mwa Desemba 2024. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Toa taarifa kabla ya kutoka uwanjani na uchukue karatasi yenye namba. Kwa mzigo ulioharibika unapaswa kulalamika kwa maandishi ndani ya siku 7, na kwa uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupate.

Kwa ndege iliyochelewa sana au kufutwa, safari inayoanzia uwanja wa Umoja wa Ulaya inalindwa na kanuni namba 261 ya mwaka 2004, ambayo fidia yake hufika euro 600 kwa safari ndefu, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika. Ukitoka kwetu kwenda kule, kanuni hiyo inakuhusu ikiwa ndege ni ya shirika la Umoja wa Ulaya.

Kufuta safari ni habari nyingine. Kama tiketi yako hairudishiki, angalia sababu zinazokubalika: kwa kawaida ni ugonjwa, kifo cha ndugu wa karibu, au ajali. "Nimebadili mawazo" haimo, na kunyimwa viza mara nyingi haimo pia.

Hatua ya 6: Linganisha tatu, uliza kwa maandishi

Pata bei kutoka kampuni tatu, kwa tarehe zile zile na umri ule ule. Unaweza kwenda kampuni yenyewe, kwa wakala, au kwa dalali wa bima, ambaye ana uhuru wa kukulinganishia kampuni kadhaa. Vituo vya viza na tovuti za tiketi nazo huuza bima. Si mbaya zote, ila uisome kama ungeisoma nyingine, usiweke alama ya tiki kwa haraka.

Watumie wote ujumbe huu, ukibadilisha penye mabano:

"Habari. Naomba bei ya bima ya safari ya [nchi], tarehe [kuondoka] hadi [kurudi], msafiri wa miaka [umri]. Ana [ugonjwa], anatumia [dawa]. Naomba kujua: Je, dharura itokanayo na ugonjwa huo inalipiwa, na hadi kiasi gani? Akilazwa, mnalipa hospitali moja kwa moja? Msafiri anachangia kiasi gani kwa kila dai? Kikomo cha kusafirisha mwili ni kiasi gani? Viza ikikataliwa, mnarudisha pesa, na kwa masharti yapi? Tarehe zikibadilika, mnarekebisha bila malipo?"

Atakayejibu maswali yote sita kwa uwazi ana uzito kuliko aliye nafuu. Anayekwepa swali la kwanza, mwache.

Hatua ya 7: Hakiki kampuni, kisha lipa

Tanzania, msimamizi ni TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Bima halali husajiliwa katika mfumo wake wa TIRA-MIS, kwa hiyo omba namba ya kumbukumbu na uihakiki mwenyewe mtandaoni. Kenya, Mamlaka ya Bima, IRA, hutoa orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni. Lipa kwa akaunti au namba ya malipo ya kampuni, usilipe kwenye simu binafsi ya wakala hata kama ni jirani yako, na uchukue risiti.

Onyo: kuna wanaouza vyeti vya bima ambavyo kampuni iliyotajwa haivitambui. Balozi huhakiki. Cheti bandia kinaweza kukunyima viza na kuchafua maombi yako yanayofuata.

Kata bima kabla ya kuondoka nchini. Mikataba mingi ya kwetu haikubali msafiri ambaye tayari yuko nje.

Hatua ya 8: Kagua cheti kabla ya miadi

Kisome ukiwa na pasipoti mkononi. Jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe zote mbili. Eneo liandikwe wazi kuwa ni Schengen au dunia nzima. Kiasi kiwe kwa euro au kionyeshe wazi kwamba kinafika euro 30,000. Cheti chenye shilingi peke yake kinaleta maswali. Maneno ya matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani na kifo yaonekane. Kosa la herufi moja rekebishisha siku hiyo hiyo, maana kampuni inaweza kutoa cheti kipya kwa dakika chache.

Hatua ya 9: Siku ya kusafiri

Chapa nakala mbili, moja kwenye begi la mkononi na nyingine kwa mwenyeji. Hifadhi namba ya usaidizi kwenye simu, na mwandikie mzazi kwenye kikaratasi cha kukaa ndani ya pasipoti, pamoja na namba ya mkataba. Namba ya dharura Ulaya ni 112, haina malipo. Kwa Ujerumani, ugonjwa usio wa kutishia maisha baada ya saa za kazi piga 116117. Dawa ziwe kwenye pakiti zake, mkononi, pamoja na barua ya daktari.

Mambo yakienda kombo

*Ubalozi umekataa cheti.* Uliza kilichokosekana. Mara nyingi ni eneo, tarehe au kiasi unachochangia. Rudi kwa kampuni na maelezo hayo. Huhitaji kununua bima mpya.

*Viza imechelewa na tarehe zimepita.* Iandikie kampuni kabla bima haijaanza kufanya kazi. Ikishaanza, wengi hawarekebishi wala kurudisha pesa.

*Viza imekataliwa.* Peleka barua ya kukataliwa mapema. Baadhi hurudisha yote, baadhi hukata ada ya uendeshaji.

*Umeugua.* Ikiwa ni hatari, piga 112 kwanza. Vinginevyo piga namba ya usaidizi kabla ya kwenda hospitali, kwa sababu mikataba mingi inataka wajulishwe mapema, hasa kabla ya kulazwa. Aliyelala hawezi kupiga, kwa hiyo mwenyeji ajue kazi hiyo ni yake. Omba namba ya kesi na uandike jina la uliyeongea naye na saa.

*Hospitali inataka malipo ya kwanza.* Waunganishe na kampuni ya usaidizi hapo hapo. Ukilazimika kulipa, chukua bili yenye mchanganuo, risiti na ripoti ya daktari. Bili bila ripoti haitoshi.

*Unataka kuongeza siku.* Omba kabla bima haijaisha. Bima kuongezwa hakuongezi viza, na viza kuongezwa hakuongezi bima.

*Madai yamekataliwa.* Taka sababu kwa maandishi, zikitaja kifungu cha mkataba. Kata rufaa kwanza ndani ya kampuni yenyewe. Ikishindikana, Tanzania nenda Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Kenya peleka malalamiko IRA. Beba mkataba, fomu uliyojaza, risiti, ripoti za hospitali na yale majibu ya maandishi uliyoyapata kabla ya kulipa.